Wasomaji Wauliza: Sijachapishwa Popote, Nani Atanilipa Niandike?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru na magharibi, na karibu zote zinahusu namna ya kuanza kuandika makala za kulipwa. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine nyingi zimejificha ndani yake.

Wapendwa wahariri, hamjambo? Nilimaliza stashahada mwaka jana na nakaa Kondele. Nimeandikia magazeti na majarida saba nikiomba kazi ya uandishi wa kujitegemea. Mmoja tu ndiye aliyejibu, akataka kuona kazi zangu zilizochapishwa. Sina hata moja. Nitachapishwa vipi ikiwa kila mtu anamtaka aliyekwisha kuchapishwa?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Ndugu yetu, kilichokufungia mlango ni hayo maneno "kuomba kazi". Mhariri wa ukurasa hana kazi ya kumgawia mtu asiyemjua. Ana nafasi ya maneno 800 ambayo lazima ijae kabla ya ukurasa kwenda mtamboni. Barua inayosema "mimi ni mwandishi hodari, naomba nafasi" inamtwika mzigo wa kufikiria uandike nini, umhoji nani na ulete lini. Mpelekee makala moja mahususi aikubali au aikatae. Na anapouliza umechapishwa wapi, anataka kujua mambo matatu: utaimaliza kazi? Utaileta kwa wakati? Majina na takwimu zako zitakuwa za kweli? Yote matatu yanaweza kuonekana ndani ya pendekezo lenyewe.

Kwanza tenganisha mada na makala. "Uvuvi wa Ziwa Victoria" ni mada. "Gugumaji" nayo ni mada, na wahariri huletewa kila mara upepo unapoyasukuma magugu hayo ndani ya Ghuba ya Winam. Makala ina mtu, mahali, jambo lililo hatarini na swali linalohitaji jibu. Chukua omena, yaani dagaa. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mavuno hupungua. Asubuhi huanikwa juani. Mvua ikiipata kabla haijakauka, huharibika ubora na huuzwa kwa bei ya chini iwe chakula cha mifugo. Hapo pana makala: mama anayenunua omena mbichi alfajiri pale ufuo wa Dunga, Kisumu, huamua vipi anunue kiasi gani wakati hajui kama jua litawaka? Na mvua ikinyesha, hasara inabaki kwa nani?

Kabla hujamwandikia mhariri, panda tuktuk uende. Zungumza na watu watatu, kwa siku mbili tofauti, moja ya jua na moja ya mawingu ukiweza. Andika jina kamili, umri, nambari ya simu, na umwombe kila mmoja akuandikie jina lake kwa mkono wake, maana Achieng' mwenye alama hapendi kuondolewa alama yake. Uliza bei kwa kipimo kinachotumika pale, gorogoro au debe, halafu upime mwenyewe hicho kipimo ni kilo ngapi. Ukihitaji takwimu za kaunti, omba kwa maandishi mapema: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Anayepeleka ombi hilo baada ya makala kukubaliwa hujikuta tarehe ya kuleta kazi imefika na takwimu hazipo.

Sasa andika pendekezo. Lisizidi maneno 200. Mfano tunaoupenda ni huu. Weka mambo yako halisi mahali pa haya:

*PENDEKEZO: Mvua inavyomaliza mtaji wa waanika omena Dunga (maneno 900)*

*Mpendwa (jina la mhariri),*

*Kila alfajiri wanawake wa ufuo wa Dunga hununua omena mbichi bila kujua kama jua litatosha kuikausha. Mvua ikiwahi, chakula cha watu hugeuka chakula cha kuku, na mvuvi anakuwa amekwisha kulipwa. Ningependa kuandikia ukurasa wako wa (jina la ukurasa) makala ya maneno 900 inayoufuata mzigo wa mfanyabiashara mmoja kutoka botini hadi soko la Kibuye, ikionyesha kila shilingi inakoingia na inakotokea. Nimezungumza na waanikaji watatu, nao wamekubali kutajwa majina. Nitamhoji pia kiongozi wa kamati ya ufuo na afisa wa uvuvi. Nina picha sita nilizopiga mwenyewe. Naweza kuleta makala siku kumi baada ya kukubaliwa. Naishi Kisumu, nazungumza Kijaluo na Kiswahili, na ufuoni nafika kwa dakika 30.*

Angalia sentensi ile ya mwisho. Mwandishi wa Nairobi mwenye kurasa mia zilizochapishwa hawezi kuiandika. Hiyo ndiyo mali yako, itumie. Angalia pia kwamba hakuna mahali panapoomba radhi. Usiandike "sijawahi kuchapishwa lakini najitahidi". Wala usidanganye kwamba umechapishwa. Nyamaza tu juu ya hilo, na ukiulizwa sema kweli kisha upeleke sampuli.

Sampuli ni kazi ulizojiandikia bila kutumwa na mtu. Tatu zinatosha: ripoti ya maneno 500 kuhusu tukio ulilohudhuria, maelezo ya maneno 800 kuhusu jinsi kitu fulani kinavyofanya kazi, na wasifu wa mtu mmoja usiozidi maneno 1,000. Kila moja iwe na watu halisi wasiopungua wawili waliohojiwa. Insha ya maoni haihesabiki hapa, hata iwe nzuri namna gani, kwa sababu haimwonyeshi mhariri kama unaweza kwenda kuuliza. Hifadhi kila moja kama PDF, au kwenye hati ya mtandaoni yenye kiungo kinachofunguka kwa yeyote. Kijaribu hicho kiungo kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kukituma. Kiungo kinachomtaka mhariri aombe ruhusa hakifunguliwi mara ya pili, na hapo ndipo wengi wanapotea bila kujua.

Wakati huo huo anza kulichapisha jina lako mahali padogo. Barua kwa mhariri ya maneno 150, yenye jambo moja na takwimu moja, haitakulipa, lakini itakufundisha kukata maneno. Taarifa ya SACCO, jarida la shule ya sekondari uliyosoma, gazeti la dayosisi: vyote vina mtu anayetafuta wa kujaza kurasa. Jiwekee kikomo cha kazi tatu za bure, kisha usimame. Anayeandika bure mwaka mzima huzoeleka hivyo, na wenye pesa humkumbuka kwa hilo.

Kuhusu kutuma: bandika pendekezo ndani ya baruapepe yenyewe, usiliambatishe. Tafuta jina la mhariri wa ukurasa husika, maana anwani ya jumla humezwa na matangazo. Soma matoleo manne ya hivi karibuni ya ukurasa huo, na kama huna pesa ya kuyanunua, maktaba ya umma ya Kisumu, Nakuru au Kakamega huwa na magazeti ya kusoma. Hesabu maneno ya makala moja. Kama kila makala pale ina maneno 600, pendekezo la makala ya maneno 1,500 linasema hukusoma.

Baada ya kutuma, ngoja siku kumi za kazi. Kumbusha mara moja kwa mistari miwili. Kukiwa kimya kwa siku tano zaidi, mwandikie kwamba unalipeleka pendekezo kwingine, kisha ulipeleke. Weka daftari lenye safu nne: pendekezo, nani ametumiwa, tarehe, jibu. Mapendekezo saba kabla ya kukubaliwa la kwanza si mengi, ila yawe saba tofauti. Barua moja iliyotumwa mara saba ni pendekezo moja.

Mimi ni mwalimu hapa Molo. Mhariri amekubali makala yangu kuhusu magunia ya viazi ya lumbesa (yaliyojazwa kupita kipimo), maneno 1,000, lakini hajataja malipo. Nikiuliza si nitaonekana mpenda pesa, ilhali ndiyo kazi yangu ya kwanza?
*Mwalimu, Molo, Nakuru*

Mwalimu, uliza leo, kabla hujaandika neno la kwanza. Mhariri anayelipa hulisikia swali hilo kila siku, na asiyelipa ni heri umjue mapema. Andika hivi: "Asante kwa kuikubali makala. Kabla sijaanza, naomba kuthibitisha: malipo ni kiasi gani, yanatolewa makala ikikubaliwa au ikichapishwa, gharama za nauli zinarudishwa, makala isipotumika nitalipwa sehemu gani, na hakimiliki inabaki kwa nani?" Majibu yawe kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unafaa, ila piga picha ya skrini uihifadhi.

Tofauti ya "ikikubaliwa" na "ikichapishwa" inaumiza wengi. Ukikubali kulipwa makala ikichapishwa, inaweza kukaa miezi minne kwenye droo, na wewe umekwisha kutumia nauli. Kwa kazi ya kwanza huenda usiweze kuibadilisha sheria hiyo, lakini unaweza kuomba kikomo: "ikichapishwa, au siku 60 baada ya kupokelewa, lolote litakalotangulia."

Kisha fanya hesabu ya saa zako. Tuseme umepewa shilingi 4,000. Nauli ya kwenda mashambani na sokoni ni 500, bando na muda wa maongezi 300. Zinabaki 3,200. Mahojiano na safari ni saa 7, kuandika saa 5, kuhakiki na kurekebisha saa 4: jumla 16. Hiyo ni shilingi 200 kwa saa. Makala ya kwanza unaweza kuikubali kwa bei hiyo kwa sababu inakupa jina. Ya tano usiikubali bila kupunguza saa au kuongeza bei. Njia rahisi ya kupunguza saa ni kutoa makala mbili katika safari moja: moja kuhusu mkulima na gunia, nyingine kuhusu wapakiaji.

Kuhusu hakimiliki, tunakuomba usome hapa pole pole. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabika kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkubaliane vinginevyo. Maana yake ukinyamaza, umeiachia. Ukitaka kuitumia tena, mathalani kuitafsiri au kuiingiza kitabuni, ongeza sentensi hii kwenye makubaliano: "Hakimiliki inabaki kwa mwandishi, jarida linapewa haki ya kuichapisha kwa mara ya kwanza, na halitazuia matumizi mengine baada ya siku 90."

Kodi nayo isikushtue. Malipo ya huduma za kitaalamu yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi kutoka kwa mlipaji mmoja, hukatwa asilimia 5 kabla hayajakufikia. Peleka PIN yako ya KRA (nambari ya mlipa kodi) pamoja na ankara, kisha hakikisha cheti cha makato kimeonekana kwenye akaunti yako ya iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kwa sababu kiasi hicho hupunguza kodi unayodaiwa unapojaza ritani kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. Wewe una mshahara wa ualimu, kwa hiyo mapato ya uandishi yanaingia kwenye ritani hiyo hiyo, hata yakiwa madogo.

Ankara yenyewe iwe ukurasa mmoja: jina lako, PIN, kichwa cha makala, idadi ya maneno, kiasi, nambari ya simu ya M-Pesa au akaunti ya benki, na tarehe. Itume siku ile ile unayotuma makala. Walimu wengi huona haya kufanya hivyo wakasubiri kuulizwa, na idara ya fedha haimwulizi mtu.

Jambo moja kuhusu makala yenyewe: kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Usiishie kuandika kwamba gunia la lumbesa "ni zito sana". Omba mizani, pima magunia matano, andika kila uzito. Hiyo ndiyo aya itakayoibeba makala.

Kuna jamaa hapa mjini anayeuza "akaunti" ya kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Anasema nikilipa nitaanza kupata kazi wiki hii hii na kujenga uzoefu wa kuandika. Nikubali?
*Kijana, Kakamega*

La, mdogo wetu. Kazi hiyo ni kumsaidia mtu apate shahada ambayo hakuisomea, na nchini Uingereza, upande wa England, kuuza huduma hiyo kulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2022. Tuliweke kando hilo la sheria, tutazame uzoefu unaoahidiwa. Insha uliyoandika ina jina la mwanafunzi, kwa hiyo huwezi kumwonyesha mhariri yeyote hata sentensi moja. Akaunti ina jina la mtu mwingine, naye anaweza kubadilisha nywila siku malipo yanapoingia, na huna pa kulalamikia. Baada ya miaka miwili utakuwa umeandika maneno laki kadhaa na bado uko pale alipo msomaji wetu wa Kondele.

Mteja wa kweli hakulipishi ili akupe kazi: si ada ya usajili, si ada ya mafunzo, si dhamana. Jaribio la bure nalo liwe na mipaka. Aya mbili ni sawa. Makala nzima ya maneno 1,000 "ya majaribio", inayotakiwa kwa watu ishirini, ni njia ya kujaza kurasa bila kulipa.

Mimi ni dada wa Bungoma. Je, niandike kwa Kiingereza au Kiswahili? Kiswahili changu nakipenda, lakini naambiwa hakina soko.
*Msomaji, Webuye*

Soko la Kiswahili ni dogo kwa idadi ya milango, lakini foleni mlangoni nayo ni fupi. Taifa Leo hutoka kwa Kiswahili, stesheni za redio zinahitaji miswada, na mashirika ya afya na kilimo yanahitaji vijitabu ambavyo mkulima wa Kimilili ataelewa. Kwa hadithi, Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili za maneno 2,000 hadi 5,000 zisizowahi kuchapishwa, bila ada, na Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Humo kote hakuna anayekuuliza umechapishwa wapi.

Kinachowaangusha wengi wetu huku ni Kiswahili cha mdomoni kuingia katika maandishi. "Ako kwa soko" iandikwe "yuko sokoni". "Hiyo kitu" iwe "kitu hicho". Na kwa kuwa Kibukusu, lugha ya wengi huko kwenu Bungoma, hakitenganishi b na p, d na t, au g na k kama Kiswahili kinavyofanya, pitia rasimu mara moja zaidi ukitazama herufi hizo tu, huku kamusi ikiwa wazi. "Doa" na "toa" zote ni maneno halali, kwa hiyo programu ya kusahihisha haitakuonya. Soma kwa sauti. Mahali unapokosa pumzi, sentensi ni ndefu.

Kalenda pia itakusaidia. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka wahariri hutafuta makala ya siku hiyo. Jarida la kila mwezi hupanga toleo lake miezi mitatu mbele, basi pendekezo lifike mapema Aprili. Gazeti la kila siku linahitaji wiki tatu hivi. Pendekezo linalofika 5 Julai halina pa kwenda, hata liwe zuri.

Nikituma wazo langu, mhariri hawezi kumpa mwandishi wake aliandike?
*Msomaji, Kisii*

Anaweza, na sheria haitakusaidia, kwa kuwa hakimiliki hulinda maandishi, hailindi wazo. Hutokea mara chache kuliko watu wanavyohofia. Mara nyingi wawili wamewaza jambo moja, hasa likiwa mada pana kama mawe ya sabuni ya Tabaka (mawe laini ya kuchonga) au bei ya chai. Jikinge kwa kuleta ambacho hakihamishiki: mchongaji aliyekubali kuzungumza nawe peke yako, daftari lake la mauzo uliloruhusiwa kulitazama, lugha unayozungumza naye. Kwenye pendekezo taja kwamba unavyo, lakini usiweke jina wala nambari ya simu ya mtu huyo hadi makala ikubaliwe.

Rekodi za mahojiano zihifadhi hata baada ya makala kutoka, angalau mwaka mzima. Siku hizi wahariri wanashuku maandishi yaliyotungwa na programu za kompyuta, na aliyehojiwa naye anaweza kukana maneno yake ukurasa ukishatoka. Rekodi ikibaki kwenye simu tu, simu hiyo ikiibwa kwenye matatu ya Keroka umebaki mikono mitupu. Jitumie kwa baruapepe jioni ile ile, pamoja na picha za kurasa za daftari lako.